Plasta ya Sista Haikatwi

Jumatatu, 2 Juni

Saa moja na nusu. Atupele ananifunga miguu kabla hajaenda dukani. Ameanzia tena kwenye kifundo. Nimemwambia anzia kwenye vidole, maji hupandishwa, hayashushwi. Ni mara ya nne. Mjukuu wangu anauza dawa duka la Mwanjelwa, hapa Mbeya, siku nzima na hajui kufunga bandeji.

Miguu imevimba mpaka magotini. Ngozi inang'aa, inatoa majimaji. Bandeji ya jana ilitoka njano na ikanuka kama maziwa yaliyosahauliwa. Atupele hufumba mdomo akiifungua. Anadhani sioni.

Alipomaliza akabonyeza ukucha wa kidole gumba, kama nilivyomfundisha. Ukawa mweupe. Akangoja damu irudi. Ilichelewa. Akanitazama.

"Baridi tu," nikamwambia.

Nje sakitu ilikuwa imekaa juu ya majani ya viazi, nyeupe kama chumvi. Akakubali.

Jumanne, 3 Juni

Sikulala vizuri. Moyo unapiga kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Nimekula uji nusu kikombe.

Ambakisye alipita kabla ya kwenda ofisini. Hakukaa. Mwanangu ana tabia ya kusimama mlangoni kama afisa wa kodi. Ameacha bahasha, akasema niisome nikipata nguvu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefungua bahasha. Ni wasifu wangu. Wasifu wa marehemu, wa kusomwa siku ya mazishi. Ameuchapa kabisa, na pahali pa tarehe ya kufa ameacha mstari mtupu.

Sikukasirika. Watu hufa na wasifu huandikwa usiku na mtu aliyelewa kilio, kisha majina ya wajukuu yanakosewa mbele ya kanisa. Ambakisye anapenda mambo yake yapangwe. Ameniomba nisahihishe.

Nimesahihisha mwaka wa kuhitimu uuguzi. Nimesahihisha jina la shangazi. Halafu nikafika ukurasa wa pili.

"Kwa miaka kumi na minane marehemu, aliyejulikana na wengi kama Sista, aliihudumia timu ya mpira wa pete ya shirika kwa uadilifu mkubwa. Hakuna mchezaji aliyeumia mikononi mwake."

Nimeitupa karatasi sakafuni. Sikuweza kuinama kuiokota. Imekaa pale mchana kutwa ikinitazama.

Jumamosi, 7 Juni

Nilimwagiza Atupele aniletee kutoka dukani gombo moja la plasta ngumu, ile nyeupe ya upana wa vidole vitatu. Akauliza ya nini. Nikamwambia nataka kuinusa. Akacheka. Akaileta.

Nimeinusa. Harufu ni ile ile. Mpira, unga wa zinki, na kitu kama gundi ya shule.

Niandike kazi hii ilivyo, maana nilikuwa fundi. Huo si uongo.

Mguu unanyolewa. Unaoshwa kwa sabuni, unakaushwa. Wasichana walipenda kujipaka mafuta, na plasta haishiki kwenye mafuta, kwa hiyo nilikuwa naanza kwa kuwasugua kama masufuria. Wanapiga kelele, wanataniana, Sista anatuchuna ngozi. Kipande cha kwanza huzunguka juu ya kifundo. Kisha vipande vinavyopita chini ya kisigino, kutoka ndani kwenda nje, kuuzuia mguu usipinduke. Kisha vya kufunika. Mguu mmoja, dakika sita. Nilikuwa nafunga timu nzima huku nikinywa chai.

Lakini kuna sheria moja. Kama mguu umeteguka jana na bado unavimba, usiuzungushie plasta mpaka ikutane mbele. Unaacha nafasi upande wa mbele, kuanzia vidoleni kupanda juu, upana wa kidole kimoja. Mwalimu wetu aliiita mlango. Uvimbe ukikua, unatokea hapo. Ukifunga mlango, uvimbe unarudi ndani na kuibana mishipa ya damu.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Mimi nilikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya shirika, mwenye miaka arobaini na tisa.

Gombo liko chini ya mto. Sijui kwa nini sikulitupa.

Jumapili, 8 Juni

Wamekuja kina mama wa kanisa, saba. Wamejaza chumba manukato na mate ya maombi. Wameimba. Mmoja akaweka mkono juu ya bandeji yangu na akasema mikono hii yangu imeponya wengi. Nikatamani kutapika juu ya kitenge chake kipya.

Wakanywa soda zangu. Wakaondoka wakisema nina uso wa amani.

Ni uso uliovimba.

Jumanne, 10 Juni

Naandika leo. Nikiacha tena nitakufa na ule ukurasa wa pili.

Ilikuwa miaka ishirini na tisa iliyopita, mwezi kama huu. Mashindano ya mashirika, Iringa. Tulitoka Mbeya Alhamisi kwa basi la kazini. Mfungaji wetu alikuwa Yusta, msichana wa Kihesa pale pale Iringa, miaka ishirini na mitatu, mrefu, mpole, mwenye mkono usiokosa goli. Bila yeye tulikuwa wasichana wanaokimbia tu.

Ijumaa aliteguka kifundo cha kulia. Niliona uvimbe ukiinuka mbele ya macho yangu kama maandazi. Nilijua kwamba hapaswi kucheza.

Jumamosi saa nne tulikuwa na nusu fainali. Kocha aliniuliza, Sista, vipi? Aliniuliza tu. Kwa miaka ishirini na tisa nimewaambia watu kwamba kocha alinilazimisha. Hakunilazimisha. Angekubali neno langu lolote. Nikasema atacheza.

Nilijua plasta yenye mlango haitahimili mchezo. Inalegea mtu akiruka. Basi nikaufunga mlango. Nikazungusha mbele, mara moja, mara mbili, nikavuta kwa nguvu. Yusta akasema inabana. Nikasema ndiyo kazi yake.

Nikabonyeza ukucha wake. Ukawa mweupe. Nikahesabu moja mpaka sita na bado ulikuwa mweupe.

Kulikuwa na baridi kali. Iringa asubuhi ya Juni, wasichana wote walikuwa wanatoa mvuke mdomoni. Kucha zao zote zilikuwa zimepauka. Nikasema kwa sauti, ili nijisikie mwenyewe: ni baridi.

Yusta alifunga magoli ishirini na moja. Tulishinda. Walininyanyua juu. Mimi, si yeye.

Saa kumi na moja jioni akaja akichechemea, uso umekauka. Mguu unawaka, akasema, na vidole havisikii kitu. Aliniomba nikate.

Timu ile ilikuwa na desturi, na niliianzisha mimi: plasta ya Sista haikatwi mpaka kombe limekwisha. Wasichana waliiimba kwenye basi. Wengine walilala nayo siku tatu na kuionyesha kama medali. Haikuwa imewahi kukatwa na mtu mwingine, na mimi mwenyewe sikuwahi kuikata mapema. Nilijivunia upuuzi huo. Fainali ilikuwa kesho yake.

Nikampa vidonge viwili vya maumivu. Akaomba akalale kwao, Kihesa. Nikamruhusu. Nikamwambia mwambie mama yako asiiguse.

Mama yake alikuwa mkandaji. Watu walitoka mpaka vijiji vya mbali kumletea walioteguka. Nilimdharau bila kumjua. Nilikuwa na cheti.

Jumatano, 11 Juni

Nimetapika asubuhi. Atupele anadhani ni dawa mpya.

Alhamisi, 12 Juni

Namalizia.

Jumapili alfajiri mama yake aliikata plasta kwa kisu cha jikoni. Mguu ulikuwa wa kijivu, umejaa malengelenge, umepoa kama nyama ya buchani. Alifanya alichokijua. Alipasha maji, akaukanda, akaupaka mafuta ya nyonyo. Haikuchukua muda. Akaona haurudi, akatafuta gari, akampeleka hospitali.

Nilipata habari tukiwa uwanjani. Nikafika wodini kabla daktari hajampitia. Nikaona ule mguu. Nikajua kwamba misuli imekufa tangu jana yake, na nikajua imekufa kwa nini. Nikaomba karatasi. Muuguzi wa zamu aliniona nimevaa sare, akanipa.

Nakumbuka kila neno, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. "Mchezaji alifungwa kifundo kwa utaratibu. Bandeji iliondolewa nyumbani bila idhini. Alikandwa kwa maji ya moto na mkandaji wa kienyeji. Hali ilibadilika baada ya hapo."

Sentensi nne. Ya kwanza uongo. Mbili zilizofuata kweli. Ya nne ndiyo iliyomuua yule mama bila kumzika.

Daktari akaisoma. Akamfokea mbele ya wodi nzima. Akamwambia mikono yake imemla mtoto wake. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu ya kitanda. Nikarudisha kalamu mfukoni.

Mguu ukakatwa chini ya goti siku ya tatu.

Bado sijafika kwenye kinachonichefua zaidi. Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Mama Yusta alinifuata koridoni. Akapiga magoti kwenye sakafu iliyomwagwa dawa, akanishika sketi. Akaniomba msamaha. Mimi. Akasema, nimeharibu kazi yako, Sista.

Nikamjibu, Mungu atakusamehe.

Ndivyo nilivyosema. Nikapanda basi. Nikala mahindi ya kuchoma njiani.

Jumamosi, 14 Juni

Ambakisye alikuja kuchukua wasifu. Nilimweleza. Si yote, lakini kiasi cha kutosha. Nikamwomba afute ule mstari na aandike ukweli.

Alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaniambia nina uchovu, na dawa za moyo huchanganya wazee. Mambo ya zamani yameshapita, mama, akasema, na kanisani watakuwepo wakubwa wa kazini kwake. Akazikusanya karatasi, akazigonga mezani zilingane kingo.

Nimezaa mtu anayefanana na ile karatasi yangu ya wodini. Safi, imenyooka, na uongo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Atupele. Hakunihurumia na nimeshukuru. Alikuwa akikunja bandeji safi, akaikunja vibaya, akaifungua, akaikunja tena. Mwishoni akauliza kama Yusta bado yuko hai.

Najua yuko hai. Nimefuatilia maisha yake kama mwizi anayepita karibu na nyumba aliyoiibia. Ana mguu wa bandia. Ana mashine ya kufumia masweta ya shule huko Kihesa. Baada ya hospitali alihamia kwa mjomba wake na hakumsemesha mama yake kwa miaka mingi. Na mama yake hakugusa tena mguu wa mtu. Watu walipomletea watoto walioteguka alifunga mlango.

Atupele alipata namba kwa mchezaji mmoja wa zamani. Kabla ya saa sita simu ikawa sikioni kwangu.

Yusta aliniamkia kwa furaha. Alinijua kwa sauti. Nilikuwa nimepanga maneno, yakakauka. Nikasema ninaumwa, nimefika mwisho, naomba aje na mama yake. Akasema mama siku hizi hasafiri, miguu na mgongo, lakini atamwuliza.

Alipiga tena jioni. Mama amekubali. Amesema lazima aje, anataka kuniomba msamaha mara nyingine kabla sijafa.

Nikarudisha simu kwa Atupele.

Jumatano, 18 Juni

Majimaji yamefika mapajani. Tabibu alikuja nyumbani, akataka nilazwe. Nimekataa mpaka Jumatatu. Akauliza kabla ya hapo kuna nini. Nikasema wageni, Jumapili.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefikiria kufa kabla hawajafika. Ingekuwa rahisi. Wangefika msibani, yule mama angelia kuliko wote, na angepiga magoti kando ya jeneza langu. Ambakisye angempa kiti cha mbele.

Nimekula uji wote. Nimemeza dawa zote. Nisife mpaka Jumapili.

Jumapili, 22 Juni

Walifika jana kwa basi, wakalala kwa ndugu yao Mwanjelwa. Leo wamekuja hapa kwangu, mtaa wa Soweto, baada ya misa. Naandika saa tisa alasiri, wameondoka saa moja iliyopita. Nataka kuandika kabla sijaanza kuyapamba.

Yusta aliingia kwanza. Amenenepa, ana mvi pembeni. Anatembea vizuri, huwezi kujua. Alibeba mfuko. Ndani kulikuwa na soksi nzito za sufu alizozifuma mwenyewe, rangi ya kahawia. Alisikia miguu yangu ina baridi.

Mama yake akafuata, ameshika fimbo. Ni rika langu, labda nimemzidi miaka miwili. Mdogo, mweusi, mkavu. Mikono yake bado mikubwa. Akasema kamwene, salamu ya watu wa Iringa, nikaitikia. Atupele akampa kiti. Hakukikalia. Alianza kuinama chini pale pale, akishika fimbo.

"Sista, mimi nimekuja kwa ile kazi yako niliyoiharibu."

"Mama Yusta, usipige magoti," nikasema. "Ukipiga magoti mbele yangu nitakufa hapa hapa."

Atupele akamshika mkono akamkalisha. Nikasema. Sikuzunguka. Mlango niliufunga mimi. Ukucha ulikuwa mweupe, nikasema ni baridi. Yusta aliniomba nikate, nikakataa. Mguu ulikuwa umekufa kabla plasta haijaguswa. Karatasi niliandika mimi. Nikamtaja yeye ili nisitajwe mimi.

Jirani alikuwa anapasua kuni. Yusta alikuwa bado ameshika zile soksi. Nilimwona akizikunja kidogo kidogo mpaka zikawa kama ngumi.

Mama yake ndiye aliyeongea kwanza, na hakuongea na mimi.

"Usiku ule wote nilikuwa na kisu mkononi," akamwambia binti yake. "Unakumbuka? Ulilia, ukasema Sista amekataza."

"Nakumbuka, mama."

"Nikangoja kupambazuke."

Yusta akaufunika uso. Mama yake akanigeukia, akanitazama muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitambaa sokoni, kutafuta pahali kilipotoboka.

"Mimi maneno sina shida nayo," akasema. "Hata daktari alikuwa na maneno. Nionyeshe."

Sikumwelewa. Akavua kiatu cha kulia. Akavuta kitenge mpaka chini ya goti, akauinua mguu wake, akauweka juu ya kitanda changu.

"Nifunge kama ulivyomfunga."

Yusta akasema hapana, mama, acha. Atupele akasema Bibi hawezi. Nikasema naweza. Nikaingiza mkono chini ya mto, nikatoa gombo.

Sijafunga mguu kwa miaka kumi na tano. Mikono ilikumbuka. Kipande cha juu. Vya kisigino. Vya kufunika. Atupele alinikatia kila kipande kwa mkasi, maana vidole vyangu havina nguvu ya kuchana. Harufu ikajaa chumba. Nilipofika mbele nilisimama, nikauonyesha ule upenyo. Nikamwambia hapa ndipo panapoachwa wazi. Akatikisa kichwa. Nikauziba. Nikazungusha mara ya pili. Nikavuta kwa nguvu zote zilizobaki.

Tukakaa. Yeye kwenye kiti, mguu kitandani pangu, kando ya miguu yangu iliyofungwa. Atupele akaleta chai, hakuna aliyekunywa. Baada ya muda mama akabonyeza ukucha wake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Akatazama. Akangoja. Akabonyeza tena. Jua lilikuwa dirishani, chumba kilikuwa cha moto, Atupele alikuwa amevua sweta.

Ukucha ulibaki mweupe.

"Vidole vinawaka," akasema taratibu. "Sasa vinaanza kulala." Baadaye tena: "Na mimi sina hata uvimbe."

Nilimwomba nikate. Akakataa. Aliomba kisu, si mkasi. Atupele akaleta cha jikoni. Mama Yusta akaingiza ncha juu, upande wa mbele, pale pale pa mlango, akaikata plasta kwenda chini kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Ikafunguka kama ganda. Alama za mikunjo zilibaki kwenye ngozi yake, nyeupe, kisha damu ikarudi, kwanza unyayoni, kisha vidoleni. Tuliitazama wote wanne ikirudi.

Akaushika mguu wake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo uliishakufa kabla sijaugusa," akasema.

"Ulikuwa umekufa, Mama Yusta."

"Mikono yangu haikufanya kitu."

"Haikufanya kitu."

Akavaa kiatu. Hakulia. Alitafuta fimbo yake, akasimama, akatoka nje bila kuaga, na nikamsikia ameketi kwenye ngazi.

Yusta alibaki. Nilidhani atanipiga na ningefurahi. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, ile ile ya zamani, "Nilikaa miaka tisa bila kula chakula cha mama yangu, Sista. Alikuwa anakileta, anakiweka mlangoni kwa mjomba. Nilikuwa nawapa mbwa."

Akachukua soksi zake, akazirudisha mfukoni, akatoka. Nilimwona dirishani akimshika mama yake mkono kumwinua. Mama akautoa mkono wake, nikadhani anamkataa. Alikuwa anaubadilisha tu, ili amshike Yusta upande wa ule mguu.

Hawakunisamehe. Sikuomba. Nilishamwona mtu mwingine akiomba, inatosha.

Jumatatu, 23 Juni

Wamekuja kunichukua kunilaza. Nimechukua daftari hili na kalamu.

Ijumaa, 27 Juni

Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Muuguzi ni mtoto mdogo, anafunga vizuri kuliko Atupele. Anaanzia kwenye vidole. Nikamsifu, akafurahi, akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa muuguzi. Nilitaka kuongeza. Nilikosa pumzi.

Bado najichukia. Nilidhani nikisema itapungua. Haijapungua. Imekaa tu pahali pake, haitembei tena chumbani.

Jumapili, 29 Juni

Ambakisye amekuja na zabibu. Nilimpa ukurasa niliouandika kwa mkono wangu, mistari sita, badala ya ule wake. Jina la Yusta, jina la mama yake, mlango, karatasi, na yale maneno ya koridoni. Akausoma. Akasema hataweza kusoma kitu hiki mbele ya watu.

Nikamwambia najua. Atasoma Atupele.

Atupele alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Akanyoosha mkono, akauchukua ule ukurasa kutoka kwa mjomba wake, akaukunja mara moja, akautia kwenye sidiria kama wanawake wa soko wanavyotunza kitu cha maana.

Alhamisi, 3 Julai

Wamenirudisha nyumbani. Hawana cha kufanya zaidi. Tabibu alisema kwa lugha ya kuzunguka, mimi nikamnyooshea.

Asubuhi nzuri. Sakitu tena kwenye viazi.

Atupele amenisomea ujumbe kutoka kwa Yusta, umekuja kwake, si kwangu. Juzi mtoto wa jirani alianguka mtini akateguka mkono. Mama wa mtoto alimleta kwa mazoea tu, akijua atafukuzwa. Mama Yusta alimkalisha uani. Akapasha maji. Aliyajaribu kwa kiwiko, akayapoza, akayajaribu tena. Akanawa mikono mara tatu. Kisha akamkanda. Alipomaliza akabonyeza ukucha wa mtoto, akangoja.

Ujumbe umeishia hapo. Hauna salamu.

Nimemwomba Atupele anisomee mara ya pili.

Kisha akanifunga miguu. Leo ameanzia kwenye vidole bila kuambiwa. Amekwenda taratibu, hakuvuta. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, akangoja. Akangoja sana. Rangi haikurudi. Akainua macho.

"Si baridi," nimemwambia.